Nani Alikuwa Ndani ya Ile Nyumba?

Mpwa wangu ana miaka tisa na ana kipaji cha kuharibu muvi kwa swali moja. Tulikuwa tunatazama Godzilla x Kong ya 2024, tumefika pale mwisho majitu yanapokung'utana Rio de Janeiro na maghorofa yanaporomoka kama biskuti kwenye chai. Mimi nashangilia. Yeye akanigeukia: "Anko, kwani hapo ndani hakukuwa na watu?"

Nikamwambia walishatoroka.

"Wote? Hata wa gorofa ya juu kabisa? Na mashosho?"

Nikamwambia anyamaze atazame. Lakini utamu ulikuwa umeshatoka. Nilimaliza ile muvi kama mtu anayemaliza chipo zilizopoa, kwa sababu tu zimelipiwa.

Si eti sipendi majitu. Huku Eastlands wengi wetu tumelelewa nayo. Video show ya mtaa wetu ilikuwa ya mabati, blanketi dirishani, mabenchi ya mbao, na Anaconda ya 1997 ilichezwa pale mpaka tukajua nani atamezwa dakika gani. Tulirudi bado. Na siku ikiwa na sauti ya DJ Afro, au ya hao wengine wanaotafsiri juu ya picha, hata aliyekuja kulala alikaa macho. Kazi yao inaonekana rahisi: msee anaongea Kiswahili cha mtaa juu ya maneno ya mzungu. Lakini tazama inachofanya. Yule mzungu wa kwenye mashua ambaye hukuwa na haja naye, ghafla anaongea kama jirani yako wa ploti, anaringa kama yeye, anaogopa kama yeye. Basi nyoka akimfikia, banda zima linapiga nduru. Tulicheka, ndiyo, lakini tulijua ni nani ameenda.

Kuna rafiki yangu mlokole anayesema kufurahia mji ukibomolewa ni dhambi, hata kama ni wa kuchorwa kwa kompyuta. Kuna mwingine anasema ni mchezo tu, tuache kujitesa. Nimebishana na wote wawili na bado hawajanishika. Wa kwanza anasahau kwamba bibi zetu walituambia habari za mazimwi wala watu kabla ya kulala, na tukalala vizuri. Wa pili hawezi kunieleza kwa nini swali la mtoto wa miaka tisa liliniharibia jioni.

Watu wa kale wa Pwani walikuwa na jitu lao, na mimi naona linashinda mengi ya Hollywood. Ni hadithi ya Sultani Majnuni, mojawapo ya zile Edward Steere alizokusanya Zanzibar na kuzichapisha 1870. Sultani ana paka. Paka anaanza kula mifugo ya watu, watu wanakuja kushtaki, na sultani hajali: paka ni wake, na hao wanyama pia ni wake. Paka anazidi kukua. Anafika kwa binadamu, malalamiko yanazidi, jibu ni lile lile. Siku anapokula wana wa sultani mwenyewe, ndipo mzee anafungua macho na kusema huyu si paka tena, ni nunda. Kisha mwana mdogo anatoka kumwinda, anarudi kila mara na mnyama mkubwa kuliko wa jana, na kila mara mama yake anamwambia siye. Hiyo ndiyo inaitwa kukaa roho juu. Godzilla ya 2014 ilijaribu kulificha jitu namna hiyo, na watu wakalalamika kwamba halionekani. Mimi sikukereka kwa kufichwa. Nilikereka kwa sababu hao watu tuliobaki nao wakati linafichwa hawakuwa na chochote cha kuniambia.

Nunda ana mwenyewe, na mwenyewe ana jina na kiti. Ndiyo maana naogopa nikisoma. Nikifikia pale wanaposhtaki mara ya tatu, huwa nafikiria Huruma.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikiwa imenyesha vibaya, jengo la gorofa sita lilianguka Huruma, kando ya mto. Watu wapatao 50 walikufa. Majirani walianza kuchimba kwa mikono kabla mashine hazijapenya vichochoro vile. Baada ya zaidi ya siku tatu mtoto mchanga alitolewa hai, na Nairobi nzima ikalia. Kisha wakuu wakatueleza kwamba jengo lile lilikuwa tayari limewekwa alama ya kubomolewa. Yaani lilijulikana. Na watu walikuwa wanaishi humo, wanapika, wanaanika nguo.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo sikuweza kutazama ghorofa likianguka kwenye skrini. Nilidhani nimepona muvi za majitu kabisa, kama mtu anavyoacha sigara. Wapi. Nilirudi, ila nilirudi nachagua. Zile ambazo jitu linatoka popote, linakanyaga popote, na hakuna aliye chini ya mguu wake, sasa zinanichosha hata kabla ya nusu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi la Rio halimjui yeyote, na waliolitengeneza hawakutaka tumjue yeyote pale. Kwangu ule ndio ukatili, kuniuzia nyumba tupu ili nishangilie bila deni.

Godzilla ya kwanza, ya Ishirō Honda, 1954, ni mtu ndani ya vazi zito akikanyaga vijumba vya kuchezea. Ukitaka kucheka, cheka. Lakini Japani ilikuwa miaka tisa tu baada ya Hiroshima na Nagasaki, na Machi mwaka huo huo wavuvi wa meli ya Daigo Fukuryū Maru walikuwa wameangukiwa na majivu ya bomu Wamarekani walilolijaribu Bikini. Honda hakuhamisha watu wake mjini. Katikati ya moto kuna mama amechuchumaa barabarani, amewakumbatia watoto wake, anawaambia hivi karibuni watakuwa pamoja na baba.

Juzi nilimwekea mpwa wangu hiyo. Nilitegemea atalala, picha nyeusi na nyeupe, maneno ya kusoma chini, mimi nikimsomea. Alicheka vazi, akacheka vile vifaru. Ilipofika kwa yule mama akanyamaza, akasogea karibu kwenye kochi.

"Anko," akasema, "baba yao alikufia wapi?"