Malaika Hakuanza kwa Maswali



Somo la Jumapili hii: 1 Wafalme 19:1-13.

Mwezi wa pili nyumba ya mchungaji ilipata mgeni. Watoto walikuwa wametuomba muda mrefu, nasi wazazi wao tukaenda kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa, tukarudi na mbwa jike wa miaka kama minne. Wengine mlicheka, na hatuwalaumu. Kwetu mbwa hulala nje akilinda nyumba; hapa Ohio, kwenye theluji, tulimtandikia blanketi jikoni.

Watu wa kituo walituambia jambo moja tu juu ya maisha yake ya kwanza: alikuwa akipigwa. Tuliliona wenyewe. Mmoja wetu aliposhika ufagio, mbwa alifyata mkia na kujikojolea. Tulipoinua mikono kuombea chakula, alijificha chini ya meza akitetemeka. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwanzoni tulikosea. Tulimwita, tukamwinamia, tukamshika kichwa ili ajue kwamba tunampenda. Siku ya pili alimngurumia mtoto wetu, nasi tukamfokea. Mwalimu wa mbwa tuliyemwendea akatusahihisha. Alisema, msimwadhibu kwa kunguruma. Kule ni kuonya. Mkimnyamazisha, siku nyingine atauma bila kuonya. Tulimkumbuka Balaamu katika Hesabu 22, aliyempiga punda wake mara tatu, kumbe punda ndiye aliyekuwa amemwona malaika mwenye upanga.

Mwalimu akatufundisha upya. Msimkodolee macho. Keti sakafuni, mpe ubavu, usimwite. Mtupie kipande cha kuku, kisha endelea na shughuli zako. Mlisheni saa zilezile kila siku. Awe na pembe yake ambayo mtoto haingii. Na ufagio uwekwe mbali kabisa, pale anapoweza kuuona bila kutetemeka. Kila akiuona, apate kuku. Kesho usogezwe kidogo. Akiogopa, urudisheni nyuma, kwa maana ninyi ndio mliofanya haraka.

Zilipita wiki 3 kabla hajala mkononi mwetu. Ilipita miezi 3 kabla hajaja mwenyewe na kulaza kichwa juu ya mguu wa mtoto. Hata sasa, mlango ukibamizwa, anakimbilia kwenye pembe yake. Tunamwacha.

Sasa mtazameni Eliya. Yezebeli ameapa kumwua. Amekimbia, amemwacha mtumishi wake njiani, amelala chini ya mretemu akiomba afe. Wengi wetu tuliopita Nyarugusu na kambi nyingine tunakijua kivuli cha mti ule. Malaika akaja. Hakumkemea nabii kwa woga wake, wala hakumtaka aeleze yaliyompata. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, na chakula tena. Ni baada ya mwendo wa siku 40, pale Horebu, ndipo Bwana alipomwuliza anafanya nini mahali pale. Tena baada ya upepo, tetemeko na moto, alimjia kwa sauti ndogo, ya utulivu.

Hapo somo likatuchoma sisi wenyewe. Kanisani kwetu tuna desturi: mgeni husimama, hutaja jina na atokako, kisha hutoa ushuhuda. Tunafanya kwa upendo. Mwaka jana kijana mmoja aliyetoka kambini aliketi karibu na mlango Jumapili 3. Jumapili ya nne tulimpa maikrofoni, tukamwomba aeleze jinsi Bwana alivyomtoa. Alisimama, hakusema neno, akatoka nje. Hakurudi tena. Baadhi yetu tulisema ana kiburi.

Wapendwa, mtu si mbwa. Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na ndiyo sababu jambo hili linatuuma. Mnyama tulimpa miezi 3. Ndugu yetu tulimpa Jumapili 3. Tulimwona ameketi karibu na mlango, wala hatukujiuliza kwa nini anahitaji kuwa karibu na mlango. Tulikosa, nasi tunatubu mbele yenu.

Kwa hiyo, kuanzia leo, maikrofoni haitapelekwa kwa mgeni. Kiti cha karibu na mlango ni chake, asihamishwe mbele. Akina mama wa chai wampe sahani na kikombe, wamkaribishe, wamwache ale. Asiyetaka kushikwa mkono, mpungieni. Tusimwulize habari za vita, wala za njiani, wala za waliobaki nyuma. Siku atakapotaka kusema mwenyewe, tutaketi na kusikiliza mpaka amalize, hata kama ibada itachelewa.

Wiki hii tulimpelekea kijana yule ujumbe wa kuomba radhi. Hatukumwomba arudi. Hajajibu, nasi hatutamsukuma. Kiti chake kipo.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha Eliya kabla ya kumwuliza, utusamehe haraka yetu. Utufundishe kuweka mkate na kungoja. Nasi tunaoshtuka bado usiku, utujie kwa sauti yako ya utulivu. Kwa jina la Yesu, Amina.