Mkate Kabla ya Mlima

Sisi wa Bukoba na Muleba tumezoea mvua na migomba. Jangwa twalisikia katika Maandiko tu. Lakini mbali upande wa mashariki, kusini mwa Ziwa Natron, uko mlima mkavu ambao Wamasai huuita Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu. Kimo chake hukaribia meta 3,000. Ulilipuka mwaka 2007, na ubavu wake ni majivu na mawe. Waupandao huondoka usiku, maana jua la mchana ni kali. Na maji kila mtu huchukua yake toka chini.

Basi, tumkumbuke Eliya alipouendea Horebu. Alichoka hata akaomba kufa. Malaika hakumkemea, alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Ndipo Eliya akaenda siku 40. Na huko mlimani Bwana hakumwambia akae, bali alimrudisha kazini.

Je, sisi twamtendeaje mwalimu wa kanisa aliyechoka, au mjane aliyeacha kuja ibadani? Mara nyingi twaanza kwa lawama. Tumpelekee kwanza chakula, tuketi naye, tumwache apumzike; maonyo yana wakati wake. Maana hakuna awezaye kuupanda mlima mkavu na kibuyu kitupu.

Bwana atupe mioyo ya namna hiyo. Amina.