Sura ya Mtu Kwenye Sahani ya Shaba

Makaburi ya kale ya Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, hayana picha ya mtu wala ya mnyama. Wenyeji wa hapo, penye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, walisimamisha nguzo za mawe ya matumbawe juu ya wakubwa wao, wakazipamba kwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Uzuri waliupenda, sura yenye roho waliiepuka.

Je, msanii wa pwani hiyo akimchora mwanamke anayetwanga, anamkosea Mungu?

Swali ni kongwe. Mtu aliyekula kwa kutengeneza picha alimwendea Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, naye akamshauri kwamba, kama hana budi, achore miti na visivyo na roho. Imam Nawawi, tegemeo kubwa la Mashafii, alikaza zaidi: picha ya kiumbe hai haifai, iwe na kivuli kama sanamu au isiwe nacho kama mchoro, kwa kuwa ni kushindana na uumbaji wa Mungu. Lakini al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Abu Bakr, aliiruhusu isiyo na kivuli. Wanazuoni, basi, hawakuwa na kauli moja.

Hata hivyo, Tanzania ina wasanii waliochora watu kwa tindikali. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, iliwakuza akina George Lilanga na Robino Ntila, na kazi hiyo ilifanyika pale. Sahani ya shaba au zinki hupakwa nta, msanii akachora kwa sindano mpaka madini yaonekane, kisha sahani ikazamishwa katika tindikali. Tindikali hula pale tu nta ilipokwaruzwa. Wino hushindiliwa kwenye mifereji, sahani ikafutwa, ikabanwa kwenye karatasi yenye unyevu. Picha hutoka imegeuka: aliyeshika mchi kwa mkono wa kulia huonekana ameushika kwa wa kushoto.

Ni vigumu kuona hapo mtu anayeshindana na Muumba. Msanii hutoa ushahidi kwamba mama fulani alitwanga, na jasho lake lilistahili kutazamwa. Kauli ya al-Qasim ina nguvu zaidi katika kazi ya namna hii, isiyo na kivuli. Anayemfuata Nawawi naye hakosi la kuchora: kinu chenyewe, juya lililoanikwa, ngalawa, mikoko.

Walimu wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, pale Bagamoyo, na maimamu wa Kaole wakae baraza moja, walijadili jambo hili mbele ya vijana kabla kijana mwenye kipaji hajaiweka sindano chini kwa hofu.