Je, Mwanafunzi Mkristo Anayeweka Malengo Anamtangulia Mungu?

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne wa mwezi Novemba unapokaribia, watahiniwa huitwa mbele ya kanisa ili waombewe. Ni jambo jema. Lakini wapo miongoni mwetu wanaosema kuwa kijana aliyejiwekea lengo la kupata daraja la kwanza ana kiburi, kwa kuwa ya kesho anayajua Mungu peke yake. Hutegemea waraka wa Yakobo, sura ya 4, unaowaonya wafanyabiashara waliojipangia safari ya mwaka mzima pamoja na faida yake.

Tumsome Yakobo kwa makini. Hawakemei kwa sababu wamepanga, bali kwa sababu wamepanga kana kwamba uhai ni mali yao. Naye Bwana Yesu, katika Luka 14, anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiketi kwanza ahesabu gharama. Sisi wa Mwanza tumeliona hilo kwa macho yetu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilianza kujengwa mwaka 2020 na kufunguliwa Juni 2025. Halikusimama ziwani kwa matumaini matupu. Kila nguzo ilipimwa kabla ya kusimikwa.

Basi mwanafunzi naye aketi ahesabu. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17 katika masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi. Mwenye C katika yote saba ana pointi 21, nalo ni daraja la pili. Ili afikie 17, inampasa kupandisha masomo manne kutoka C hadi B. Hapo ndoto imegeuka kazi: masomo manne, kila moja na saa zake, mazoezi yake na mwalimu wa kuulizwa. Kuomba hakuchukui nafasi ya kazi hiyo. Mvuvi wa dagaa humwomba Mungu kabla ya kuingia ziwani, lakini haiachi taa yake nyumbani.

Hata hivyo, swali zito kuliko la pointi ni hili: lengo hilo ni kwa ajili ya nani? Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ng'ambo hiyo hiyo ya ziwa letu, aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki kijijini ili apate nguvu za kwenda kuleta chakula kutoka mbali. Asiporudi, amewasaliti waliolala njaa kwa ajili yake. Kwa wengi wetu huo si mfano tu. Karo na sare za mtoto mmoja zimetoka katika dagaa walioanikwa na mama, au katika kaka aliyeacha shule ili mdogo wake aendelee. Anayesoma ili aje kuwadharau hao, hata akipata pointi 7, amekosa lengo. Kadhalika anayenunua majibu ya mtihani: amepata cheti, lakini amemwibia aliyekesha akisoma.

Na asiyefikia lengo je? Wazazi, hapa ndipo imani yetu inapopimwa. Tukimwombea mtoto mbele ya kanisa mwezi Novemba, kisha matokeo yakitoka tukamwita mzigo, tutakuwa tumeonyesha kwamba tulichokipenda ni cheti. Lengo ni kipimo cha kazi. Si kipimo cha mtu. Yupo anayeweza kurudia mtihani, na yupo ambaye Mungu atamtumia katika cherehani au karakana.

Kijana, andika lengo lako, na juu yake andika: Mungu akipenda. Maneno hayo yasiwe kisingizio cha uvivu. Ukiyaandika kwa imani utasoma kwa bidii bila hofu, na siku ya matokeo utaweza kushukuru bila majivuno, au kulia bila kukata tamaa.