Madhabahu Juu ya Soko

Kanisa kuu, yaani kanisa lenye kiti rasmi cha askofu, hupata hadhi yake kutokana na kiti hicho wala si kutokana na ukubwa, na ndiyo maana Kanisa Kuu la Kristo la Mkunazini, Zanzibar, lililo dogo mbele ya yale ya Ulaya, halipungukiwi na heshima hiyo. Ujenzi wake ulianza mwaka 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na Askofu Edward Steere akaliinua papo hapo palipokuwa soko, akaliezeka kwa tao refu la vipande vya matumbawe na saruji. Kwa mapokeo, madhabahu, yaani meza ya ekaristi, imesimama pale watumwa walipokuwa wakichapwa viboko. Je, ibada huutakasa uovu wa mahali, au huufunika tu? Mkristo aweza kujibu kwamba ekaristi yenyewe ni ukumbusho wa mwili ulioteswa, na jibu hilo lina uzito. Hata hivyo, linamtaja mteswa mmoja na kuwaacha wengi bila kutajwa, upungufu ambao sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, zilizowekwa uani zaidi ya karne moja baadaye, zinaujaza kwa kiasi.