Kuuliza Njia Uijuayo

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: mtu akiuliza jambo ambalo tayari analijua, je, huyo anasema uongo? Swali hili limenikaa rohoni tangu nianze kupanga safari yangu ya pikipiki, Morogoro hadi Iringa, na hata mafuta sijajaza.

Kupanga kwenyewe nimemalizia kitandani. Simu yangu imepasuka kioo, lakini ramani inaonekana vizuri tu. Ni kiasi cha kilomita 300. Nimeiona Mikumi, ambako barabara kuu hukata katikati ya hifadhi kwa takribani kilomita 50. Nimeiona mibuyu ya bonde la Ruaha, kisha kona za mlima Kitonga zilivyojikunja kama utumbo. Vituo vya mafuta na gesti vimetiwa alama. Wapo hata waendesha pikipiki walioandika wapi upepo wa malori unakusukuma pembeni, na saa ngapi usikutwe porini. Niulize nini tena?

Tatizo ni mjomba. Mjomba alikuwa utingo wa malori katika barabara hiyo hiyo. Siku moja breki zilikatika wakiteremka Kitonga. Yeye akatoka na goti bovu, dereva wake hakutoka. Tangu hapo hana kazi, na mali aliyobaki nayo ni ile barabara iliyomo kichwani mwake. Zamani kijana wa mtaani kwetu akitaka kwenda kusini, sharti apitie kibarazani kwa mjomba. Siku hizi hawapiti. Nami, nijuaye kila kona, nikakae mkekani niseme, "Shikamoo mjomba, hivi Kitonga pakoje?"

Rafiki yangu mmoja anasema huo ni unafiki mtupu. "Utamchezea mzee sinema," kaniambia. Nikamjibu kwamba hata "habari za nyumbani" hatuulizi kwa kutafuta taarifa. Akacheka. Katika salamu, alisema, wote wawili wanajua kuwa ni salamu. Mjomba je, atajua? Hapo alinibana kweli kweli. Maana heshima ambayo mwenyewe hajui kuwa ni ya kuigiza inakaribia sana kuwa dharau.

Basi niende na simu mkononi? "Mjomba, ramani inasema hivi, wewe wasemaje?" La hasha! Hapo nitakuwa nimempa mzee mtihani, na simu ndiyo msahihishaji.

Halafu, bwana, hii ramani yenyewe nani kaichora? OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ramani ambayo yeyote aweza kuongeza anachokijua. Mwaka 2015 hapa kwetu ukaanza mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam wakatembea katika kata zinazofurika, wakiandika mitaa, mitaro na nyumba. Mwanafunzi atajuaje jina la kichochoro asipomwuliza anayekaa pale? Kumbe ninachokisoma kitandani kimejaa majibu ya watu. Ila sura zao zimefutika, na kwa kuwa siwaoni najiona sidaiwi. Mjomba hafutiki. Akinielekeza vibaya nikaanguka, yeye ndiye atakayeshindwa kumtazama mama usoni. Neno lake lina mwenyewe.

Sitaki kuwapamba watu wa njiani kupita kiasi. "Hapo mbele tu" ya mwanakijiji yaweza kuwa kilomita kumi. Na dada anayesafiri peke yake ana sababu nzuri ya kuipenda ramani, kwani haimwulizi analala wapi na anamfuata nani. Wapo pia wanaomsifu Ted Simon, yule aliyeondoka London mwaka 1973 kwa pikipiki ya Triumph, akapita Kenya na Tanzania, akazunguka dunia kwa miaka minne bila simu ya ramani. Namsifu kwa mengi, lakini si kwa kuuliza njia. Angefanya nini kingine? Aulizaye kwa kukosa la kufanya hajachagua kitu.

Mimi ninalo la kuchagua, ndipo penye ugumu. Nimetafuta swali moja la kweli, ambalo sina jibu lake na ambalo mjomba analo, na nimelipata. Ramani inanionyesha kona zote za Kitonga, lakini hainionyeshi ni ipi. Nyumbani hakuna aliyewahi kumwuliza. Nikiiuliza kona ile sitakuwa nimesema uongo hata chembe. Ila sijui kama ukweli wa namna hiyo unanipa haki ya kuligusa goti la mtu. Safari ni Jumamosi. Jioni hii taa ya kibarazani kwa mjomba inawaka, na mkeka naona umeshatandikwa.