Alama za Bure kwa Mchezaji Hodari
Je, ni haki kumpa mwanafunzi alama asizostahili kwa sababu anailetea shule ushindi uwanjani? Wengine husema ni huruma. La, ndugu wasomaji! Huruma isiyo kweli ni wizi: mtoto hunyang'anywa elimu yake huku akishangiliwa.

Mkongomani mwenzetu, Dikembe Mutombo, alikwenda mwaka 1987 kusoma Georgetown, chuo kikuu cha Wajesuiti huko Marekani. Mwalimu wake wa mpira wa kikapu, John Thompson, aliweka ofisini mpira uliokwisha pumzi, wachezaji wakumbuke kwamba mchezo una mwisho. Mutombo alihitimu masomo mwaka 1991, ndipo akaingia katika mchezo wa kulipwa.

Basi, walimu wa Goma, mchezaji akishindwa mtihani, tumfundishe tena, tusimwandikie uongo.